Chai ya kijani na moyo wa mfanyabiashara

Na Mwandishi Wetu, Kampala

ALFAJIRI pale Arua Park wafanyabiashara wanaosafirisha mizigo kwenda Juba na Kongo wanahesabu marobota. Wengi wamekesha kwenye kiti cha basi. Kifungua kinywa ni rolex na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, na jioni ni kiti kilekile tena. Mzigo unakaguliwa kila mpaka, presha ya mwenye mzigo haikaguliwi popote.

Siku hizi wengi wanaambiwa dawa ya moyo ni chai ya kijani. Ina ukweli, ila inasimuliwa nusu.

Chai hiyo hutoka kwenye mchai uleule unaolimwa Fort Portal na Bushenyi. Tofauti ni kiwandani: majani hupashwa moto mapema yasigeuke meusi, hivyo hubaki na katekini nyingi zaidi. Huko Ohsaki, Japani, watu 40,530 walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo yalipotolewa mwaka 2006 waliokunywa vikombe 5 au zaidi kwa siku walionekana kufa kidogo zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa. Huenda wanywaji hao walikuwa na mazoea mengine mema pia, kwa hiyo tusiipe chai sifa zote.

Jaribio la Marekani la mwaka 2009 linatugusa zaidi. Watu wanene wasiozoea mazoezi walitakiwa kufanya mazoezi angalau dakika 180 kwa wiki, kwa wiki 12. Nusu yao walipewa kinywaji chenye katekini za chai ya kijani, na hao ndio waliopungua zaidi mafuta ya tumbo na mafuta ya kwenye damu. Lakini angalia vizuri: wote walifanya mazoezi. Chai ilikuwa nyongeza.

Na mazoezi hayahitaji gym. Aprili 2020, baada ya kupiga marufuku kukimbia barabarani kwa sababu ya korona, Rais Museveni alitoa video akikimbia peku ofisini mwake, kisha akapiga pushapu 30. Alikuwa na miaka 75.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa kwa siku 5. Kipimo chake ni rahisi: unaweza kuzungumza, huwezi kuimba. Ukimaliza kununua Kikuubo, waachie vijana wafunge mzigo, wewe panda kilima cha Nakasero kwa mwendo wa haraka. Boda boda itakusubiri. Foleni ya Malaba nayo inatosha kutembea.

Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua aanze kwa daktari. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago. Anayetumia warfarin amuulize daktari kabla ya kuzoea chai hii. Vidonge vya chai ya kijani viache dukani, kwani dozi kubwa imewahi kuharibu maini ya watu.

Ikikosekana ya kijani, chai mukalu bila sukari si mbaya hata kidogo. Inywe mbali na chakula, maana chai huzuia mwili kupata madini ya chuma, na usiinywe jioni sana kama unategemea kulala ndani ya basi.