Nyumba Inayoweza Kuongezwa

Mkulima apatapo shamba katika skimu, haja yake ya kwanza ni mahali pa kulala. Hujenga vyumba viwili, na hiyo ni busara, kwani vyumba viwili vyenye bati ni bora kuliko sita visivyo na paa, ambavyo kuta zake hunyeshewa mwaka baada ya mwaka. Shida huja baadaye. Kijana amebaleghe na hawezi tena kulala pamoja na dada zake, na nyanya amekuja kukaa kwa mwanawe. Hapo fundi huitwa kubomoa ukuta uliogharimu mavuno ya misimu miwili.

Wazee wetu hawakuwa na taabu hii. Kwa Waluo, kijana alijenga simba yake karibu na lango. Kwa Wakikuyu, mume alikuwa na thingira na kila mke nyumba yake. Boma lilikua kwa kujenga nyumba nyingine. Lakini mashamba mengi yaliyotolewa katika skimu tangu mwaka 1962 yamekwisha kugawanyiwa wana, na kila nyumba mpya hula ardhi ya mahindi. Basi inafaa nyumba moja iweze kukua.

Kabla ya kuchimba msingi, amua nyumba itakua upande gani. Upande huo usiweke choo, tangi la maji wala mti wa kudumu. Katika ukuta wa mwisho wa upande huo, mwambie fundi aweke linta ya mlango sasa hivi, kisha azibe nafasi iliyo chini yake kwa matofali na udongo, bila kuyafunganisha na ukuta. Siku ya kuongeza chumba, matofali hayo yatatolewa kwa mikono, na ukuta hautapasuka.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kimo. Tuseme ukuta wako wa nyuma una futi 8, nawe wataka kuongeza chumba cha upana wa futi 10 kwa kuteremsha bati kutoka hapo. Bati lahitaji kushuka futi 1 kwa kila futi 6, ili mvua isirudi ndani. Litashuka futi 1 na inchi 8, na ukuta wa nje utabaki futi 6 na inchi 4. Mtu mrefu atainama, na joto la bati litamkalia kichwani. Ukuta wa kwanza ukiwa futi 10, chumba kipya kitapata zaidi ya futi 8. Gharama ya mistari hiyo michache ya matofali ni ndogo kuliko kung'oa paa zima.

Kenchi zikae juu ya kuta za nje tu. Hapo kuta za ndani hazibebi paa, na zaweza kuhamishwa. Chumba kimoja kipewe mlango wake wa nje: leo ni cha kijana, kesho cha nyanya, na baadaye cha mwalimu anayepanga. Mlango huo uwe mpana, na usiwe na ngazi.

Mwisho, chora nyumba katika daftari, uonyeshe ilipo linta iliyofichwa. Lipu ikikauka haionekani, na fundi aliyeiweka huenda akawa amehama.