Msifungashe Mizigo

Kila darubini kubwa inapotoa tangazo, simu yangu hujaa. Video ni ileile: bahari ya buluu, milima yenye ukungu, majua mawili yakizama, na sauti nzito ya mtu asiyejitaja ikisema kwamba dunia ya pili imepatikana. Chini yake swali: "Mwalimu, tutahamia lini?" Hapa Nsambya, ambako watu hujipanga alfajiri kwenye Barabara ya Ggaba kusubiri viza ya Marekani, sishangai kwamba kila habari ya mbali husomwa kama habari ya kuhama. Nimeulizwa na mafundi seremala, nimeulizwa na afande wa kambi ya polisi, na sista mmoja aliyeonekana ana haraka kuliko wote. Jibu ni hatuhamii. Nieleze kwa nini, angalau wiki hii nipumzike.

Kwanza, ile bahari imechorwa. Hakuna darubini iliyowahi kupiga picha ya pwani, mlima wala bonde kwenye sayari ya nyota nyingine. Mara nyingi kinachopatikana ni mstari kwenye grafu: mwanga wa nyota unapungua kidogo kwa saa chache, unarudi, kisha unapungua tena baada ya kipindi kilekile. Hiyo ni sayari inapita mbele ya nyota yake. Na kupungua kwenyewe ni kudogo mno. Mtu wa mbali akiitazama Dunia yetu ikipita mbele ya Jua, angeona mwanga umeshuka kwa sehemu 84 katika kila milioni. Ule mshuko unakupa ukubwa wa sayari. Marudio yanakupa urefu wa mwaka wake na umbali wake kutoka kwenye nyota. Ukipima pia jinsi nyota inavyoyumba kwa kuvutwa, unapata uzito. Kwa sayari nyingi, basi. Mengine yote kaongeza mchoraji.

Sasa tuje kwenye ule "ukanda wa kukalika" ambao umewapotosha watu wengi kuliko video zenyewe. Ukanda huo ni hesabu ya umbali. Unasema kwamba sayari ikiwa mbali kiasi hiki na nyota yake, na ikiwa ina angahewa ya kufaa, maji yanaweza kubaki maji juu ya uso wake. Hiyo "ikiwa ina angahewa" ndiyo inayoachwa kila mara habari inaposambazwa, na bila hiyo hakuna cha maana kilichobaki. Mnataka mfano? Tokeni nje usiku, muutazame Mwezi. Uko ndani kabisa ya ukanda wa kukalika wa Jua, umbali uleule tulio nao sisi. Mchana kwenye ikweta yake joto hufika nyuzi 120 za Selsiasi; usiku hushuka chini ya nyuzi 130 hasi. Watu 12 wametembea pale, kila mmoja kabeba hewa yake mgongoni. Kupanga chumba jirani na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hakumponyi mgonjwa, na kukaa kwenye ukanda hakuipi sayari hewa.

Zuhura inafundisha zaidi. Mwanaastronomia wa huko mbali, mwenye vifaa kama vyetu, angeiandika hivi: kipenyo asilimia 95 ya Dunia, uzito asilimia 82, nyota tulivu, mwaka wa siku 225. Gazeti la kwao lingeweka kichwa cha habari "pacha wa Dunia". Lakini sisi tumefika. Uso wa Zuhura una nyuzi zipatazo 465, joto la kuyeyusha risasi. Hewa yake inagandamiza mara 90 kuliko yetu, na juu kuna mawingu ya asidi ya salfuri. Chombo cha Kisovieti, Venera 13, kilitua huko Machi 1982 kikiwa kimeundwa kama tangi la chuma, kikadumu dakika 127. Sayari ile ambayo grafu yake ingetufurahisha kuliko zote ilikiua chombo cha chuma kwa muda wa mechi moja yenye dakika za nyongeza.

Ndugu zetu wa Tanzania wana sayari, na hilo nalo limeniletea maswali. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliadhimisha miaka 100 kwa kuzipa nchi nafasi ya kutoa majina. Nyota WASP-71 ikaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Kenya ikapata HD 83443, ikaiita Kalausi, na sayari yake Buru, majina ya Kijaluo ya kimbunga na vumbi. Majina mazuri. Bwana mmoja kaniuliza kama Mtanzania ana haki ya kiwanja huko. Kiwanja cha nini? Tanzanite ni mpira wa gesi wenye uzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, unaizunguka nyota yake kwa siku zisizofika tatu, na joto lake linapita nyuzi 1,500. Buru nayo ina mwaka wa siku tatu hivi. Hakuna ardhi ya kukanyaga. Na wanaouza vyeti vya kumiliki nyota kwenye intaneti wanawauzia karatasi; umoja huo hauuzi majina wala hauvitambui vyeti hivyo.

Mtaniuliza kuhusu sayari K2-18b. Aprili 2025 timu ya Nikku Madhusudhan wa Cambridge ilisema darubini ya James Webb imeonyesha dalili za dimethili salfaidi huko, gesi ambayo hapa kwetu hutoka zaidi kwa viumbe vidogo vya baharini. Wao wenyewe walikiri kwamba hawajafikia kiwango cha uhakika kinachotakiwa. Wengine wakazichambua data zilezile wakaona dalili ni hafifu mno, na gesi hiyohiyo imepatikana hata kwenye nyotamkia 67P, mahali pasipo na kiumbe. Sayari yenyewe iko miaka-nuru 124 kutoka hapa. Kwa mwendo wa chombo Voyager 1, kilomita 17 kwa sekunde, safari ni zaidi ya miaka milioni mbili. Hata Proxima b, sayari ya Proxima, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, ni zaidi ya miaka 70,000.

Na viumbe wenye akili huko nje? Frank Drake alianza kuwasikiliza mwaka 1960 kule Green Bank, Marekani, akielekeza antena kwenye Tau Ceti na Epsilon Eridani. Kimya. Mwaka 2019 antena ya Parkes, Australia, ilinasa mlio kutoka upande wa Proxima. Kufikia 2021 ikabainika ni mwingiliano wa vifaa vya binadamu wenyewe. Sasa antena 64 za MeerKAT, Afrika Kusini, zinatumika pia katika kazi hiyo. Kimya hiki hakithibitishi kwamba tuko peke yetu. Tumesikiliza masafa machache, kwa muda mfupi. Mimi naamini wapo. Imani yangu si ushahidi, na ya kwenu pia si ushahidi.

Mnaotaka la kufanya, haya. Habari ikija, ulizeni imepimwa kwa chombo gani, uzito unajulikana, angahewa imeonekana. Majibu yakikosekana, futeni. Juni, saa tatu usiku, simameni kilimani mtazame kusini, upande wa ziwa: ile angavu zaidi kati ya nyota mbili zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini ni Alfa Centauri, na Proxima ni mdogo wake asiyeonekana kwa macho. Kijana mwenye intaneti ajiunge na Planet Hunters, bure, apekue grafu za kweli. Anayetaka kusomea fani hii aulizie Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Hela ya cheti cha nyota nunueni binokula mtazame Mshtarii: vile vidoti vinne pembeni ni miezi yake, na mmoja ni Europa, ambao chini ya barafu yake inaaminika kuna bahari. Chombo Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika kwenye Mshtarii 2030. Hapo nipigieni simu.