Chenji ya elektroni: tunavyojua kinachotokea usoni mwa alumini

Chukua sufuria ya alumini uisugue kwa mchanga mpaka ing'ae. Unadhani sasa unaiona alumini yenyewe? Bado. Oksijeni ya hewani imeshaiwahi, imeifunika kwa utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu. Sasa, ukitaka kujua elektroni za pale juu kabisa zinafanya nini, utachunguliaje?

Njia mojawapo ni kuirushia elektroni nyingine. Zikiwa na nishati ya kadiri haziendi mbali ndani ya metali, kwa hiyo zinazodunda na kurudi zinaleta habari za juujuu. Ni kama kumtuma mtoto dukani na shilingi 10,000: hesabu chenji, utajua kanunua kitu cha bei gani.

Mwaka 1959, Powell na Swan, wakiwa Australia, walirusha elektroni za takriban elektronivolti 2,000 kwenye alumini iliyo ndani ya ombwe. Katika zilizorudi, "bei" mbili zilijirudiarudia: 15.3 na 10.3.

Ile ya 15.3 ilieleweka. Ndani ya alumini, elektroni huru hutikisika zote kwa pamoja, kama maji kwenye ndoo. Mtikisiko huo unaitwa plasmoni.

Na 10.3 je? Mwaka 1957, Rufus Ritchie wa Marekani alikuwa ameshapiga hesabu kwamba usoni kuna mtikisiko wa peke yake, wenye nishati ndogo zaidi. Gawa 15.3 kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata 10.8. Ni karibu, ila kukaribiana peke yake hakutoshi kuwa ushahidi.

Basi wakaiacha alumini ishike oksaidi. Alama ya 10.3 ikafifia, ikatokea nyingine kwenye 7.1. Ile ya 15.3 ikabaki palepale! Maana yake ni nini? Kama 10.3 ingetoka ndani, utando mwembamba wa juu usingeihamisha. Inahama kwa sababu elektroni za usoni sasa zimepakana na oksaidi badala ya ombwe, na oksaidi inapunguza nguvu inayozirudisha zinapotikisika.

Ndiyo maana sisi wa maabara tunahangaika sana na ombwe safi. Hewa kidogo ikiingia, unapima uso mwingine kabisa bila kujua, kama ule wa sufuria yako.