Nani Alipe Gharama ya Chuo Kikuu?

Wazazi wengi wa Kenya wameuza ng'ombe, au hata kipande cha shamba, ili mtoto apate kuingia Chuo Kikuu. Hata hivyo si wengi wafahamuo jinsi gharama ya masomo hayo inavyogawanywa baina ya Serikali, mzazi na mwanafunzi, wala jinsi mgawanyo huo ulivyobadilika mara kwa mara.

Mkopo wa masomo si jambo geni. Mwaka 1952 Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika ya Mashariki. Baada ya Uhuru Serikali ilijitwika gharama yote ya Chuo Kikuu, kwa kuwa nchi ilihitaji upesi waalimu, madaktari na maofisa wake yenyewe. Wanafunzi walipozidi kuwa wengi mzigo ukaelemea, na mwaka 1974 mikopo ikaanza. Lakini hapakuwa na njia imara ya kuidai, na wengi waliofuzu hawakulipa.

Mwaka 1991 posho ya wanafunzi ilikomeshwa, nao wakatakiwa kujilipia chakula. Mwaka 1995 sheria iliunda Halmashauri ya Mikopo ya Elimu ya Juu, nayo ikapewa uwezo wa kumwagiza mwajiri akate deni hilo katika mshahara.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 2023. Hadi hapo, mwanafunzi aliyelipiwa na Serikali alitozwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Katika utaratibu mpya kila mwanafunzi hupimwa kwa uwezo wa jamaa yake, kisha hutiwa katika fungu moja kati ya matano. Katika fungu la maskini kabisa, Serikali hutoa asilimia 70 ya karo kama msaada, mkopo ni asilimia 25, na jamaa hutoa asilimia 5. Katika fungu la wenye uwezo, msaada ni asilimia 30, mkopo 30, na jamaa hutoa 40.

Shabaha yake ni kumsaidia zaidi aliye dhaifu. Lakini kipimo kikikosea, mtoto wa mkulima huhesabiwa pamoja na matajiri. Wazazi wengi walilalamika hivyo, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba utaratibu huo haupatani na Katiba. Serikali ilikata rufani.

Mahakama zina kazi yao, na wananchi wana yao. Yampasa mzazi aeleze mapato yake kwa ukweli, na mwanafunzi aliyetiwa katika fungu lisilo lake apeleke ombi la kupimwa tena mapema. Naye aliyekwisha kupata kazi akumbuke kwamba fedha anayorudisha ndiyo akopeshwayo mwingine. Mkulima hali mbegu zote, kwani msimu ujao atapanda nini? Dawa ya deni ni kulipa.