Kisu Kilichojificha Chini ya Mashine ya Nyasi

Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Anayeukata kwa mashine ya kusukuma yenye upana wa nusu mita hutembea zaidi ya kilomita 14 kabla ya kuumaliza, bila kuhesabu mizunguko ya kugeuzia. Ni kazi nzito, lakini ni ya mtu mmoja. Kwa fyekeo, uwanja huohuo hudai darasa zima la wanafunzi, migongo iliyoinama na viganja vyenye malengelenge, na bado nyasi hubaki fupi huku, ndefu kule.

Kwa hiyo si ajabu kwamba shule, hoteli, hospitali na wenye nyumba zenye ua mkubwa wanaikimbilia mashine. Nyasi zikiwa fupi nyoka hukosa pa kujificha, kupe hupungua, na watoto hupata pa kuchezea. Zipo pia mashine zinazokatakata majani vipande vidogo na kuyaacha palepale, yakaoza na kurudisha naitrojeni ardhini. Sharti ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Zikinyolewa hadi shinani, jua la kiangazi huzikausha upesi.

Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilipewa hataza mwaka 1830 nchini Uingereza. Mbunifu wake, Edwin Beard Budding, alikuwa fundi mitambo karibu na Stroud, sehemu yenye viwanda vya vitambaa vya sufu. Viwandani humo kulikuwa na mtambo wa visu vya mviringo uliopunguza manyoya ya kitambaa ili kiwe laini, naye akaona kwamba visu vya namna ile vingeweza kunyoa bustani. Mashine yake ilikata kama mkasi: kisu kinachozunguka kilikutana na kisu kilichotulia, jani likabanwa katikati.

Mashine nyingi za nyumbani leo hazifanyi hivyo. Zina kisu kimoja bapa kinachozunguka kwa mlalo chini ya kifuniko cha chuma au plastiki. Kisu hicho hakina mwenzake wa kulibana jani. Hukata kwa nguvu ya kasi peke yake. Kasi hiyo ndiyo inayoiwezesha mashine kumudu nyasi ndefu zilizolala, na ndiyo inayoifanya iwe ya hatari.

Hesabu yake inatisha. Kisu chenye urefu wa sentimita 50 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia takriban kilomita 280 kwa saa. Kokoto, msumari, mfupa wa kuku au kipande cha waya kikikutana na ncha hiyo huruka kama risasi, na anayeumia huenda akawa mpita njia aliyesimama mbali. Nyua zetu zina vitu vya namna hiyo tele, hasa pale nyumba ilipojengwa karibuni na mabaki ya nondo na kokoto yakaachwa ardhini. Kuupitia ua mzima kwa miguu na kuokota kila kigumu kabla ya kuwasha injini ni kazi ya dakika chache, tena ndiyo inayorukwa mara nyingi. Kwa mashine ya kubeba begani, inayokata kwa uzi wa nailoni au kisu cha duara, maelekezo ya watengenezaji hutaka watu wengine wakae mita 15 au zaidi.

Ajali nyingine inajulikana na kila fundi. Nyasi zina umande, zinaziba chini ya kifuniko, na mwendeshaji anaingiza mkono kuzitoa. Hata injini ikiwa imezimwa, kukigeuza kisu kwa mkono huizungusha injini ya petroli, nayo inaweza kushtuka na kuwaka. Njia salama ni kuzima, kusubiri kisu kisimame kabisa, kuchomoa waya wa plagi, kisha kutumia kijiti. Vidole havina vipuri.

Nchini Marekani, tangu mwaka 1982, mashine mpya ya kusukuma lazima iwe na wenzo mpinini unaosimamisha kisu ndani ya sekunde 3 mtu anapouachia. Wapo wanaoufunga wenzo huo kwa kamba ya mpira ili mkono usichoke. Anayenunua mashine ya mtumba na aukague kwanza, kwa kuwa wenzo uliofungwa ni sawa na kutokuwa nao.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kwamba mashine ya kusukuma isiendeshwe na mtoto wa chini ya miaka 12, na ile ya kupanda na kuketi juu yake isiendeshwe na aliye chini ya miaka 16. Mtoto hapaswi kupakatwa juu ya mashine hata kwa dakika moja. Wadogo wabaki ndani mpaka kazi iishe, kwa kuwa anayerudi kinyumenyume huku injini inanguruma hamsikii anayemkimbilia.

Mengine yanahitaji uangalifu wa kawaida. Petroli huongezwa injini ikiwa imepoa, na injini haiwashwi ndani ya stoo, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi. Kwenye mteremko, mashine ya kusukuma hupita kwa kukingama. Ya kupanda huenda juu na chini. Kwa mashine ya umeme, waya hubaki nyuma ya mwendeshaji, upande uliokwisha kukatwa.

Lakini huku kwetu anayesukuma mashine mara nyingi siye mwenye mashine. Ni kibarua au mtunza bustani, aliyekuja na kandambili kwa sababu ndivyo viatu alivyo navyo. Bosi aliyelipia injini, petroli na fundi amemwachia kijana huyo ajitafutie kinga mwenyewe, na hilo si haki. Mabuti magumu, suruali ndefu, miwani ya kinga na vizibo vya masikio vinunuliwe siku ileile inaponunuliwa mashine, vikae stoo pamoja nayo, na kazi isianze kabla havijavaliwa.