Kulala Kambi ya Barafu

Kambi ya Barafu, iliyo zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari kwenye Mlima Kilimanjaro, haikupewa jina hilo kwa utani. Usiku maji ya chupa huweza kuganda, na mgeni aliyekuja na mfuko mwepesi wa kulalia, ule wa ufukweni, hujikunja kama jongoo hadi saa sita usiku, wakati wa kuanza kupanda kileleni.

Lebo ya mfuko mzuri huwa na vipimo viwili vya joto. Cha kwanza ni cha kulala kwa raha. Cha pili, kilicho chini zaidi, ni cha kuvumilia tu. Mnunuzi aangalie cha kwanza, hata muuzaji akisifia cha pili.

Manyoya laini ya bata ni mepesi na hutunza joto vizuri, lakini yakilowa hushikana mabonge, joto likapotea. Nyuzi za viwandani ni nzito zaidi, ila hustahimili unyevu, na njia ya kwenda Barafu huanzia kwenye msitu wa mvua.

Godoro jembamba nalo ni lazima. Mwili hugandamiza mjazo wa chini, baridi ya ardhi ikapenya moja kwa moja mgongoni. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa barabara na kuvishwa soksi, huwekwa miguuni, asubuhi hunywewa.