Kwa nini maswali ya madiwani hukwama City Hall

MFEREJI unapokauka mtaani Umoja, au taka zinaporundikana kando ya barabara kule Kayole, mtu wa kwanza kulaumiwa na wakazi huwa ni diwani wao. Wengi humtarajia apige simu City Hall na maji yarejee jioni iyo hiyo. Ukweli ni kwamba sheria haimpi diwani wa leo mamlaka ya kufungua hata mfereji mmoja. Silaha aliyo nayo ni swali, na makali ya swali hilo hutegemea ameulizwa nani, lini, na kwa stakabadhi gani mkononi.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, madiwani wa Baraza la Jiji la Nairobi walitunga sheria ndogo na wakati uo huo wakasimamia huduma kupitia kamati zao. Meya alitoka miongoni mwao, huku kazi za kila siku zikiendeshwa na Karani wa Jiji pamoja na wakuu wa idara. Diwani wa kamati ya maji aliyehoji ukosefu wa maji alikuwa akihoji kazi aliyoshiriki kuipanga. Kwa maneno mengine, aliyestahili kuuliza ndiye aliyestahili kujibu. Hata hivyo, kauli ya mwisho haikuwa yao. Mnamo 1983 serikali ililivunja baraza hilo na jiji likawekwa chini ya tume hadi 1992.

Katiba ya 2010 ilitenganisha kazi hizo mbili. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, utendaji ulikabidhiwa gavana na mawaziri wake wa kaunti, nao wawakilishi wa wadi, ambao wananchi wangali wanawaita madiwani, wakaachiwa kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwachunguza watendaji. Nairobi ina wadi 85, na kila mojawapo humchagua diwani mmoja, mbali na wale wanaoteuliwa na vyama.

Kifungu cha 185 cha Katiba ndicho kinacholipa bunge la kaunti jukumu la uchunguzi. Kifungu cha 195 kinaliongezea meno: bunge hilo au kamati yake yoyote yaweza kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, ikiwa na mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu ya kumlazimisha shahidi kufika, kumhoji chini ya kiapo na kumtaka awasilishe stakabadhi. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 39, inairuhusu kamati kumtaka waziri wa kaunti afike mbele yake na kujibu maswali kuhusu majukumu yake.

Mamlaka hayo ni makubwa mno kwenye karatasi. Tatizo ni namna yanavyotumiwa. Kwa kawaida diwani husimama bungeni na kuomba taarifa kupitia kwa mwenyekiti wa kamati husika. Ombi huelekezwa kwa idara, idara huandika majibu, mwenyekiti huyasoma. Akiuliza kwa nini barabara fulani haijakarabatiwa, atajibiwa kuwa itakarabatiwa fedha zikipatikana. Jibu la aina hiyo haliwezi kupingwa kwa kuwa halina tarehe, kiasi cha pesa wala jina la mwanakandarasi. Diwani akiridhika nalo, swali limekufa hapo, hata kama wenzake walimpigia makofi alipoliuliza.

Kikwazo kingine ni kumjua mwenye kazi. Jedwali la Nne la Katiba liliwapa magavana uzoaji taka, huduma za maji na majitaka, zimamoto, elimu ya chekechea, barabara za kaunti na vituo vya afya vya kaunti. Mpaka huo haumsaidii sana mkazi anayebeba mtungi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a. Anayeyasambaza hadi nyumbani ni Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, inayomilikiwa na kaunti, ilhali ujenzi wa miundomsingi mikubwa kama vile njia ya chini ya ardhi ya kuongeza maji kutoka Murang'a ulisimamiwa na shirika la serikali ya kitaifa. Mtaa ukikosa maji, ni lazima kwanza ibainishwe iwapo maji hayatoshi kwenye chanzo, yanapotea njiani, au yamegawanywa kwa upendeleo. Maswali mawili ya mwisho ndiyo yanayomhusu gavana moja kwa moja. Diwani asiyeyatenganisha humpa waziri wa kaunti mwanya wa kuwatupia wengine mzigo wote.

Barabara nazo ni vivyo hivyo. Barabara kuu ya Thika iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya KeNHA, na nyingine nyingi za jijini ni za KURA. Hospitali Kuu ya Kenyatta ni ya serikali ya kitaifa, lakini Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki ni za kaunti. Mivutano ya ngazi hizi mbili imewahi kufikia kiwango cha aibu. Februari 2025, malori ya kaunti yalimwaga taka nje ya makao makuu ya Kenya Power, Stima Plaza, wakati wa mzozo wa madeni kati ya kampuni hiyo na City Hall.

Mkanganyiko ulizidi pale majukumu yenyewe yalipohamishwa. Februari 25, 2020, Gavana Mike Sonko alitia saini mkataba wa kukabidhi serikali ya kitaifa huduma za afya, uchukuzi, ujenzi na huduma nyinginezo za umma, pamoja na mipango na maendeleo. Ikaundwa idara ya NMS chini ya Mohammed Badi, Meja Jenerali wa jeshi, iliyohudumu hadi 2022. Katika kipindi hicho madiwani waliochaguliwa kuchunguza City Hall walijikuta sehemu kubwa ya huduma za wapigakura wao ikiendeshwa na afisa ambaye hakuteuliwa na gavana wala kuidhinishwa na bunge lao.

Maswali yasipojibiwa, sheria inatoa adhabu. Thuluthi moja ya madiwani yaweza kuanzisha hoja ya kumtaka gavana amfute waziri wake, na kamati ya watu watano ikachunguza madai. Kumng'oa gavana mwenyewe kunahitaji thuluthi mbili ya bunge zima, kisha Seneti iamue. Sonko aliangukia hapo: madiwani walimtimua Desemba 3, 2020, na Seneti ikaidhinisha uamuzi huo Desemba 17.

Ila upanga huo ni mzito kwa kazi ya kila siku, na mara nyingine huchomolewa kwa sababu zenye utata. Septemba 2025, madiwani walianza harakati za kumtimua Gavana Johnson Sakaja, na miongoni mwa malalamishi yao ni kucheleweshwa kwa fedha za maendeleo ya wadi na basari. Harakati hizo zilizimwa baada ya Rais William Ruto na kiongozi wa ODM wakati huo, marehemu Raila Odinga, kuingilia kati. Hazina ya wadi ndiyo inayowapa madiwani kitu cha kuonyesha mashinani, na hapo ndipo penye mtego. Anayemwomba gavana fedha asubuhi atamhoji vipi alasiri bila kuogopa?

Nafasi bora ya kuuliza hupatikana kwenye kalenda ya fedha, ingawa vikao vyake huwa vikavu na kamera za televisheni ni chache. Sheria inasema hakuna pesa za umma zitakazotengwa nje ya mipango iliyoidhinishwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Barabara isiyotajwa katika mpango wa Septemba ni vigumu kuidai mwezi wa Juni. Iliyotajwa, ikatengewa fedha na isijengwe, humpa diwani swali lisiloweza kujibiwa kwa ahadi, kwa kuwa ripoti za kila robo mwaka huonyesha kilichotumika.

Baadaye hufuata ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo Kifungu cha 229 kinalitaka bunge la kaunti liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea. Vikao vya bunge na kamati zake ni vya wazi kwa mujibu wa Kifungu cha 196, na mkazi yeyote ana haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni bila kumsubiri diwani wake. Ombi hilo, lililotiwa saini na kupelekwa kwa karani wa bunge, huingia kwenye kumbukumbu. Simu ya jioni kwa diwani haiingii.